Mtu Wako Amemaliza

Chumba cha Mama Mashine kilikuwa mwisho wa korido, baada ya stoo ya plasta na kabla ya choo cha wafanyakazi. Mlango wake ulivimba kwa mvua za mwaka ambao hakuna aliyeukumbuka, na tangu hapo haukufunga sawasawa. Kituo kile kilitengeneza miguu ya bandia. Mchana kutwa msumeno ulilia upande wa karakana, na vumbi jeupe likatembea na viatu vya watu mpaka kila pembe, hata juu ya kioo cha kompyuta, ambacho ilimbidi akifute kwa kitambaa kibichi kila mara kabla ya kusoma. Jina la Mama Mashine alipewa na mafundi. Hakuwa amezaa, na mashine yenyewe ilikuwa moja tu. Lakini jina lilimganda, naye akaliacha, kwa kuwa hakukuwa na foleni ya majina mengine.

Kazi yake ilikuwa kuitunza programu aliyoiandika mwenyewe miaka kumi na mmoja nyuma. Mtu aliyekatwa mguu alipopata mguu mpya, alikuja kituoni kufundishwa kuutumia. Kuna aliyechoka baada ya saa moja, na kuna aliyeng'ang'ania mpaka saa tisa alasiri. Kanuni ya kituo ilikuwa kwamba kwa mwezi wa kwanza mguu mpya hautoki getini peke yake, lazima mtu wa nyumbani aje kuuchukua, pamoja na mwenyewe. Ndugu hawangeweza kushinda pale kwenye benchi. Kwa hiyo mkufunzi alipoona mtu ametosheka, alibonyeza kitufe, na programu ikatuma ujumbe kwa simu ya ndugu aliyeandikwa kwenye faili: "Mtu wako amemaliza kwa leo. Njoo umchukue."

Maneno hayo yalikuwa ya Mama Mashine. Bosi wa enzi zile alitaka iandikwe "mgonjwa wako", naye akakataa katakata, akisema mtu anayejifunza kutembea haumwi chochote.

Sasa kwa wiki tatu ndugu walikuwa hawaji.

Mwanzoni kila mtu alilaumu mtandao wa simu. Mama Mashine alifungua kumbukumbu za programu, ambazo kwa kulinda siri za watu ziliandika namba ya faili tu na neno moja, na kila mstari ulisema "umetumwa". Akazichapa kurasa nne, akazipeleka kwa Msimamizi wa kituo, mwanamke mrefu aliyevaa miwani kwa kamba shingoni.

"Umetumwa," alisema Msimamizi, akigeuza ukurasa. "Umetumwa, umetumwa, umetumwa. Na pale nje kuna watu kumi na mmoja wamekaa kama mizigo stesheni. Nimwamini nani, karatasi au benchi?"

Mama Mashine alijibu kwamba mashine haina sababu ya kusema uongo. Alitoka na karatasi zake akiwa amenyoosha mgongo.

Kilichovunja mambo ni mzee mmoja mfua chuma. Alikuwa mtu wa mabega mapana na maneno machache, aliyefanya kazi ya nyundo na moto miaka arobaini mpaka boriti ya chuma ilipomwangukia. Ilichukua miezi kumkubalisha mguu wa bandia, kwani alisema magongo hayamdai shukrani. Siku ya kwanza alijifunza kwa saa mbili, akamaliza, akakaa kwenye benchi kumngoja binti yake. Binti hakuja mpaka jua lilipopungua, alipoamua mwenyewe kuja kuuliza. Siku ya pili mzee alingoja mpaka mafundi wakafunga karakana. Kisha akainuka, akampita mlinzi wa geti aliyekuwa anafunga kamba za viatu, akaenda zake. Alianguka kwenye kizingiti cha mtaro, hatua thelathini kutoka getini. Hakuvunjika kitu, ila kiwiko kilichunika na watu walisimama kumtazama. Binti yake alipofika kituoni kesho yake alionyesha simu yake mbele ya wote. Hapakuwa na ujumbe hata mmoja.

Mzee alikubali kurudi mara moja tu, siku ya Alhamisi, na kwa sababu binti alimbembeleza. Alisema akiachwa tena kwenye lile benchi, mguu wao watauchukua wakaufanye kuni.

Msimamizi naye hakupaza sauti. Alimwita Mama Mashine, akamwambia kwamba Alhamisi ndiyo mwisho. Binti akipata ujumbe, sawa. Asipopata, programu itazimwa, mtu wa mapokezi atarudia kupiga simu kwa mkono kama zamani, na kile chumba cha mwisho kitawekwa plasta, kwani stoo imejaa. Na yeye Mama Mashine atatafutiwa pa kukaa hapo mapokezi.

Siku hiyo ilikuwa Jumanne.

Aliisoma programu yake kuanzia ukurasa wa kwanza. Aliijua kama mtu anavyojua ngazi za nyumbani kwake gizani, na hilo ndilo lililomponza, maana macho yalipita juu ya maneno bila kuyagusa. Akajaribu njia yake ya siku zote. Ndani ya programu kulikuwa na faili namba sifuri, mtu wa kujaribia, ambaye alikuwa yeye mwenyewe: jina lake, umri wake, mguu wa kushoto. Mahali pa mpokeaji, yaani ndugu wa kumchukua, palikuwa patupu. Akabonyeza kitufe cha "amemaliza". Kioo kikaandika: "Hana mpokeaji. Hakuna kilichotumwa." Ilikuwa jibu sahihi kabisa. Akabonyeza tena. Sahihi tena.

Alikumbuka kwamba ndivyo alivyofanya hata siku ile aliyogusa programu kwa mara ya mwisho. Ilikuwa sikukuu, kituo kimefungwa. Nyumbani kwake ukuta ulikuwa mwembamba na majirani walikuwa na wageni. Alisikia vijiko vikigonga sahani, watoto wakigombana, mtu akicheka kicheko kirefu cha aliyeshiba. Alivumilia mpaka saa sita, kisha akavaa, akaja kazini, akamwambia mlinzi wa geti ana kazi ya haraka. Hakuwa nayo. Alikaa akapangapanga programu, kama mtu anavyofungua kabati na kukunja upya nguo zilizokwisha kukunjwa. Palipokuwa na mistari mitatu akaibana ikawa mmoja, akafurahia ulivyokaa. Akaijaribu kwa faili sifuri, ikajibu sahihi, akarudi nyumbani wageni wa jirani wameshaondoka.

Jumatano asubuhi, akiwa anafuta vumbi kwenye kioo, ndipo lilipomjia, na lilimjia polepole. Waliolalamika wote walikuwa na ndugu kwenye faili. Wasio na mtu, ambao kituo kiliwapeleka kwa gari lake, hawakuwa na tatizo lolote. Naye siku zote alijaribu programu kama mtu asiye na mtu.

Ilibidi aandike jina mahali pale patupu. Akaweka vidole juu ya vibonyezo, akangoja, kana kwamba jina lingekuja lenyewe. Dada yake alikuwa nchi nyingine, na namba aliyokuwa nayo haikupatikana tena tangu mwaka juzi. Marafiki wa chuoni walikuwa wa kusalimiana kwa picha. Alipitisha majina kwenye simu yake mara mbili: fundi bomba, duka la dawa, mwenye nyumba, fundi bomba mwingine. Mwishowe akainuka, akaenda kumtafuta Mama Funguo.

Huyu alikuwa ndiye mfagizi na mshika funguo za kituo kizima. Shada la funguo kiunoni mwake lilimtangulia kila alikokwenda, hivyo hakuna fundi aliyewahi kukamatwa amelala. Alimkuta amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, anakunywa chai.

"Naomba nikuandike kwenye faili langu," Mama Mashine alisema. "Kama mtu wangu. Ni majaribio tu."

Mama Funguo alimtazama kuanzia viatuni. "Mguu umekatwa lini?"

"Haujakatwa. Kwenye kompyuta tu."

"Aa. Kwa hiyo nitaitwa nije kumchukua mtu mwenye miguu yote miwili." Akapuliza chai. "Niandike, dada. Wanangu wenyewe hawajaniandika popote. Lakini sibebi mtu mgongoni, hilo uliandike pia."

Akamtajia namba ya simu. Mama Mashine akarudi, akaijaza, akabonyeza kitufe, akatoka kusimama mlangoni. Simu ya Mama Funguo ilikuwa imelala kwenye ukingo wa dirisha la korido, na wote wawili waliitazama kama watu wanaongoja maji yachemke. Haikulia. Ndani, kioo kiliandika "umetumwa".

"Basi umetumwa kwa mtu mwingine," alisema Mama Funguo, akachukua fagio lake.

Alilisema bila kufikiri, lakini Mama Mashine alibaki amesimama. Wiki tatu nzima alikuwa akibishania kama ujumbe umekwenda au haukwenda. Hakuwahi kujiuliza umekwenda kwa nani. Akarudi kwenye kiti, akaongeza mstari mmoja wa kuifanya programu iandike namba inayotumiwa ujumbe, akabonyeza tena.

Namba ilijitokeza kwenye kioo. Haikuwa ya Mama Funguo. Hakuhitaji kuitafuta popote; aliijua kwa moyo tangu ujana wake, na ilikuwa imepita miaka sita tangu aipige mara ya mwisho.

Ilikuwa namba ya baba yake, na baba yake alikuwa marehemu.

Msumeno ulilia, ukanyamaza, ukalia. Halafu akashuka mpaka mwisho kabisa wa programu, chini ya kila kitu, na pale akaikuta kazi ndogo ya mistari miwili aliyoiandika kabla kituo hakijaingiza hata mtu mmoja kwenye kompyuta. Aliipa jina "mpokeaji". Kazi yake ilikuwa moja: ukiiita, inakujibu namba ya baba. Enzi hizo alihitaji simu ya kujaribia, na baba alikubali kuwa mtu wa majaribio. Kila jioni alipobonyeza kitufe, mzee alipata ujumbe kwamba mtu wake amemaliza, akachukua mwavuli, mvua iwepo isiwepo, akaja kusimama getini. Walitembea pamoja mitaa miwili mpaka nyumbani, na njiani aliuliza kama ile mashine imeshajua kusoma.

Programu ilipoanza kazi ya kweli, ile kazi ndogo haikuhitajika tena. Aliiacha palepale. Hata baada ya mazishi alipita juu yake mara nyingi na kujiambia kwamba haimzuii mtu kupita.

Na kweli haikumzuia mtu, mpaka ile sikukuu ya wiki tatu nyuma. Sasa aliusoma ule mstari wake mzuri, safari hii neno kwa neno, kidole kikiwa kwenye kioo. Kwa lugha ya kawaida mstari ulisema hivi: tuma ujumbe kwa mpokeaji, kama mpokeaji amepewa namba iliyo kwenye faili. Mwanadamu akiusoma anaelewa mara moja. Lakini mashine haisomi kwa mpangilio uleule inaotendea. Kwanza huisoma programu yote kama barua, kushoto kwenda kulia, na kwa kila neno huamua papo hapo hili ni neno la aina gani. Jina ambalo limeshaonekana likipewa kitu cha kushika hulihesabu kuwa ni la hapohapo ndani. Jina ambalo bado halijapewa kitu hulihesabu kuwa ni kazi iliyoandikwa kwingine, na uamuzi huo ukishapita haurudiwi. Baada ya kusoma ndipo hutenda, na hapo sentensi yenye "kama" huanzia mwisho: hutazama sharti kwanza, ndipo irudi mwanzoni.

Kwa hiyo ilipotenda, mambo yalionekana kwenda sawa. Ilifungua faili, ikamkuta ndugu, ikaishika namba yake, ikaridhika kwamba mpokeaji yupo. Kisha ikarudi mwanzo wa sentensi kutuma. Lakini lile neno la mwanzo lilikwisha hukumiwa zamani, wakati wa kusoma, kabla ndugu hajatajwa. Pale mwanzoni "mpokeaji" haikuwa namba iliyotoka kwenye faili. Ilikuwa ile kazi ndogo ya chini, na ile kazi ndogo ilijua namba moja tu. Ile mistari mitatu ya zamani ilimtaja ndugu kwanza, ndipo ikamtumia ujumbe. Yeye, kwa kupenda unadhifu, alikuwa ameugeuza mpangilio huo.

Walio na watu wao, wote, kwa wiki tatu, walikuwa wakiitiwa baba yake.

Kurekebisha kulichukua muda mfupi kuliko kukifuta kioo. Akarudisha mistari mitatu. Akabonyeza. Kutoka kwenye korido ikalia simu, kisha funguo, kisha Mama Funguo akatokeza kichwa mlangoni na simu mkononi.

"Nimeambiwa mtu wangu amemaliza," alisema. "Mbona anaonekana ndiyo kwanza anaanza?"

Mama Mashine alicheka, kisha akaomba udhuru, akasema vumbi limemwingia jichoni.

Alipobaki peke yake alifikiria jambo ambalo hakulifikiria mwanzo. Namba ya marehemu haikai bila mwenyewe. Baada ya miezi kampuni ya simu humpa mtu mwingine. Kuna mtu mahali fulani alikuwa amepokea jumbe kumi, kumi na moja kwa siku, siku zote hizo, na anastahili kuombwa radhi. Alishika simu, akaiweka, akaishika tena. Vidole vilizikumbuka tarakimu vyenyewe.

Iliita mara mbili tu.

"Halo," ilisema sauti ya mwanamke, ya mtu mzima sana.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nani mwenzangu?"

Akajieleza: kituo, programu, kosa. Alisema ni kosa lake mwenyewe. Alipomaliza, upande wa pili ilisikika redio tu, ikizungumza mbali.

"Ni wewe unayeandika mtu wako amemaliza?" mama yule aliuliza hatimaye.

"Ni mashine, mama. Lakini maneno ni yangu."

"Nilijibu siku ya kwanza. Nikauliza, mtu gani? Haikunijibu."

"Haiwezi kupokea majibu."

"Nikadhani ni watoto wanacheza. Halafu nikazoea." Akakohoa kidogo. "Usinione mjinga, mwanangu. Mimi nilijua si wangu. Wangu nawajua walipo, na hakuna wa kuchukuliwa. Lakini ujumbe ukiingia mtu unainuka. Nilikuwa navaa viatu. Nakaa hapa mlangoni na viatu vyangu, kisha navivua."

Mama Mashine akasema tena kwamba anaomba radhi, na kwamba jumbe hazitakuja tena.

"Hata moja?"

"Hata moja, mama."

"Haya." Redio ikaendelea kuzungumza. "Na hao waliokuwa wanangoja, walichukuliwa na nani?"

Akamsimulia kuhusu mzee mfua chuma, na kwamba kesho ndiyo siku yake. Mama yule alisikiliza mpaka mwisho, kisha akamwambia ampigie amjulishe kama mzee amechukuliwa.

Alhamisi mzee alifika saa tatu na magongo kwapani, akiuangalia mguu wake mpya kama mtu anayeangalia mgeni aliyekaa kupita kiasi. Alijifunza kwa ukimya. Alitembea kati ya mabomba mawili ya kushikia, akageuka, akarudi, akageuka. Saa saba na robo mkufunzi alibonyeza kitufe. Mzee akaenda kukaa kwenye benchi. Msimamizi alitoka ofisini akasimama kando yake, miwani kifuani, akijifanya anasoma tangazo ambalo yeye mwenyewe ndiye aliyelibandika.

Mama Mashine hakuthubutu kwenda mbali zaidi ya dirisha la korido. Dakika zilipita, robo saa, na zaidi kidogo. Mzee alikuwa ameanza kuvuta magongo yake karibu. Hapo geti lilifunguka kwa kishindo akaingia binti yake anahema, amevaa aproni yenye matone ya rangi, brashi bado mkononi, kwa kuwa kazi yake ilikuwa kupaka rangi nyumba za watu.

"Umekimbia," mzee alisema.

"Nimeambiwa umemaliza."

"Nimemaliza tangu saa saba."

"Basi twende, baba. Mbona umekaa?"

Mzee akainuka, akampa magongo ayabebe. Wakaenda, yeye akiweka mkono begani kwake, mpaka kwenye kile kizingiti cha mtaro, wakasimama, wakakivuka. Msimamizi aligeuka kuelekea korido, akamwona Mama Mashine dirishani. Aliitikia kwa kichwa mara moja, akaingia ofisini. Kwa Msimamizi, hayo yalikuwa mazungumzo marefu.

Alasiri, kabla ya kufunga, Mama Mashine alishuka mpaka chini ya programu. Ile kazi ndogo ya mistari miwili ilikuwa palepale. Haikuitwa na mtu sasa, na kama angeiacha isingedhuru, ila kwa siku nyingine kama ile sikukuu. Akaichagua yote, mpaka tarakimu ya mwisho. Alikaa nayo hivyo kwa muda kabla ya kuifuta. Kisha akalifungua faili sifuri ili alirudishe lilivyokuwa, akamkuta Mama Funguo mahali pa mpokeaji, na hapo mkono ukasita. Akalifunga bila kugusa kitu.

Akapiga ile namba. Iliita mara moja tu.

"Amechukuliwa," alisema. "Binti yake alikuja mbio, na brashi mkononi."

"Mbio?"

"Mbio kabisa."

"Vizuri," mama yule alisema. "Vizuri sana." Hakukata simu. Siku ile hakukuwa na redio. "Na wewe, mwanangu, umemaliza?"

"Nimemaliza."

"Anakuchukua nani?"

Mama Mashine alitazama mlango wake usiofunga, na koti lake kwenye msumari. "Natembea tu, mama. Si mbali. Ni mitaa miwili."

"Haya. Tembea salama."

Hakuna aliyekata. Katika ule ukimya Mama Mashine alisikia, upande wa pili, kiatu kimoja kikiwekwa sakafuni, na baada ya muda, cha pili.